Cheti cha Mbao za Mkumbi

Vijana wa ofisi ya misitu waliniomba niandike. Siku ya kuniaga, baada ya pilau na hotuba, yule binti mpya, Neema, alinivuta pembeni akasema, Mama, sisi tunabaki na mafaili tu, mambo yenyewe unaondoka nayo kichwani, tuandikie basi. Nikamjibu kwamba nitaandika nikitulia. Huu ni mwezi wa tano tangu nistaafu na huko kutulia sijakuona. Uwanja nimeufagia mpaka udongo umeanza kuisha. Vitalu vya mboga nimevihamisha mara mbili. Nikikaa kwenye kiti, dakika mbili nimeshasimama, nakwenda kugusa mlango wa jirani nione kama mbao zake zilikauka kabla ya kupigwa randa. Majirani wamenizoea, wananiachia nigonge. Kwa hiyo naandika hivi hivi, nimesimama kwenye kabati la vyombo, na mwandiko ukipinda mnisamehe.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Vyeo vilikuja vilivyokuja, vingine vikapita vikaenda nyumba ya pili. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya cheti kimoja, kwa sababu ninyi mliobaki mnaletewa sasa fedha za serikali za ubunifu wa mazao ya misitu, na vyeti vya namna ile mtatia saini vingi.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Kondoa, kwenye jua. Nilipopangiwa Mbinga nilikuwa msichana wa chuo, na basi liliposimama Kitai nilimuuliza muuza ndizi kama Mbinga ni joto au baridi. Akaviangalia viatu vyangu vya wazi, akacheka, akaniuzia ndizi. Nilifika ofisini natetemeka. Afisa niliyemkuta alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, mfupi, mkali, mwenye kuvaa koti la mvua hata ndani ya nyumba. Alinipa nyundo ya kugongea alama kwenye magogo, ile yenye namba ya ofisi usoni mwake, akaniambia nyundo hii ikipotea usirudi hapa, nenda moja kwa moja stendi ukakate tiketi. Ndiyo ilikuwa karibu yangu kazini.

Mzee Sanga ndiye aliyenifundisha kupima maji ya mbao. Alikuwa na mizani ndogo ya jikoni na oveni aliyoiunda kwa debe. Unachukua ubao, unaukata katikati, si kwenye ncha, maana ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Kile kipande cha katikati unakipima uzito, unakioka, unakipima tena, unakioka tena, mpaka uzito ugome kushuka. Kilichopungua ndiyo maji yaliyokuwamo. Sikuipenda kazi ile. Inakula siku nzima, na mimi nikiwekwa siku nzima kwenye jambo moja naona kama nimefungwa. Mzee Sanga aliniona ninavyozungukazunguka mezani, akasema wewe binti una miguu ya mbwa wa mtaani, utafika mbali ila utafika bila mzigo. Nilinuna wiki nzima.

Baadaye yeye akahamishwa, mimi nikabaki, nikaolewa, nikazaa, nikajifunza kuitika "Bibi Miti" hata sokoni. Kazi yetu nyingi ilikuwa ya kukataza. Huku juu kwa Wamatengo watu walikuwa wamejaza mikaratusi kwenye migongo ya vilima, juu ya kahawa na mashamba yao ya ngoro, yale ya mashimo ya kushika maji ya mvua. Mkaratusi unakua upesi, lakini mbao yake ni kichaa. Ukiipasua leo imenyooka, mwezi ujao imejisokota. Kuna shule ilipokea madawati mapya mwezi wa kwanza, kufika mwezi wa tano yalikuwa yanayumba na watoto wanaandika herufi zilizolala. Kwa hiyo kila mtu alitaka mninga na mbao nyingine ngumu za porini, na pori lilikuwa linakwisha, na mimi ndiye niliyekaa na daftari la vibali.

Aliyenisumbua kuliko wote kwa vibali alikuwa Fundi Odilo, muunda maboti wa Chiwanda, kule chini ziwani karibu na mpaka wa Msumbiji. Kila mwaka alipanda mlima kuja kuomba mninga. Mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kinakwenda pole pole kwa sababu nyumbani ni Kinyasa, lakini akishika ubao ungedhani anamshika mgonjwa. Aliunusa. Akaugusa kwa ulimi kidogo kwenye ncha. Nilimnyima kibali mara nyingi kuliko nilivyompa, tukagombana, tukazoeana. Siku moja, nikiwa nimemnyima tena, alisema, mama, basi nipe mbao yoyote isiyopinda, hata kama ni ya huo mkaratusi wenu, mimi nitaunda. Neno hilo lilinikaa.

Ndipo ukaja ule mfuko wa serikali wa ubunifu. Tangazo lilisema vikundi vyenye njia mpya ya kuongeza thamani ya mazao ya misitu viombe. Kijijini Mkumbi kulikuwa na kikundi cha maseremala, na mkuu wao, Mzee Kapinga, nilijua ana siri. Mikaratusi yake haikupinda. Nikaenda, nikasalimia, shikamoo mzee, nikamwomba anionyeshe. Akaniingiza jikoni kwa mkewe. Juu ya dari, palipo na mahindi, mbao zilikuwa zimepangwa, baina ya ubao na ubao vijiti vyembamba, na moshi wa kila siku unapita taratibu. Zinakaa hapo toka masika mpaka kahawa imekwisha kuvunwa. Nilisimama pale macho yanachuruzika kwa moshi na furaha pamoja.

Tukajaza fomu. Wazo letu lilikuwa banda la kukaushia, paa la nailoni kuvuta jua, chini jiko la kuchoma maranda, madirisha ya kuachia mvuke. Dari la Mzee Kapinga lililokuzwa, si kingine. Fomu ilikuwa na swali, je, ubunifu huu umewahi kufanywa mahali pengine? Mzee Kapinga akasema andika kwamba babu yangu alifanya. Nikamwambia mzee, tukimwandika babu hatupati kitu. Akafikiri, akasema, basi andika kwamba babu hakuwa na nailoni. Nikaandika hivyo kwa lugha ya ofisi, ikachukua ukurasa mzima, tukapita. Kikundi kilipata fedha, na mfuko ukataka boti moja ya mfano iundwe kwa mbao hizo, watu wa ziwani waone. Nikamtaja Fundi Odilo. Mteja alikuwa Mama Gaudensia, mjane wa Chiwanda, ambaye vijana wake wanavua dagaa na boti yake ya zamani ilikuwa imeoza.

Sasa shika hapo, Neema. Fedha ziliahidiwa mwezi wa kumi, zikafika mwezi wa nne. Mwisho wa mwaka wa fedha ni mwezi wa sita, na kisichokamilika kinarudi. Mwezi wa sita Mbinga ni mawingu na baridi, na kila mwenye mikono yuko shambani anachuma kahawa. Banda lilisimama, mbao zikaingia, jua halikuingia. Zilitakiwa wiki sita au saba, sisi tulikuwa na tatu. Tukaongeza maranda jikoni, tukafunga madirisha, moto ukawa mkali. Mzee Kapinga alikuwa anazunguka banda anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa kwenye simu. Mgeni rasmi alishapangwa, hema limekodiwa, kwaya imeshaanza mazoezi.

Siku moja kabla ya uzinduzi nilikwenda kupima. Mfuko ulikuwa umetupa kipimo kipya cha betri chenye sindano mbili. Unachoma ubao, namba inatokea, umemaliza. Nilikipenda sana kile kidude, mimi na miguu yangu. Nikachoma mbao zote, namba zikatoka nzuri ajabu. Ila sindano zile ni fupi, zinafika kwenye ngozi tu, na ubao ule ulikuwa wa inchi mbili. Hilo nililijua. Nilijua pia moto mkali hukausha ngozi na kufungia maji ndani. Dawa yake ni kukata ubao mmoja katikati. Lakini mbao zilikuwa zimepasuliwa kwa hesabu ya boti, ndefu, za kutoka mbele mpaka nyuma bila kuungwa. Ukikata mmoja katikati, boti haina ubavu, na gogo jingine la urefu ule halikuwepo.

Mzee Kapinga alibisha hodi kwenye ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Mama," akasema, "mimi ningeziacha mpaka kahawa iishe."

Nilimsikia. Nasema hivyo ili asije mtu akasema sikuambiwa. Lakini nilikuwa na haraka na jibu lilikuwa limekaa ulimini. Nikamwambia mzee, hata kama ndani kuna unyevu kidogo, boti si inaishi majini? Mtu wa Kondoa anamwambia Mmatengo habari za maboti. Mzee Kapinga alikuwa ameshuka ziwani mara mbili maishani, zote kwa misiba. Alilipima neno langu, akaona lina akili. "Hilo nalo neno," akasema. Sisi wawili, watu wa nchi kavu, tukakubaliana hapo juu ya boti. Nikaandika cheti kwamba mbao zimekauka kwa kiwango kinachotakiwa, nikatia saini, nikagonga muhuri. Kesho yake mgeni rasmi alimkabidhi Odilo mbao na cheti mbele ya hema, kwaya ikaimba, watu wakapiga picha.

Kama kuna aliyewahi kukaa Chiwanda atakuwa ameshashika kichwa. Boti ya dagaa haiishi majini. Inafanya kazi yake, kisha asubuhi inavutwa mchangani, na inashinda pale juani hadi jioni, na mchanga wa Chiwanda mwezi wa kumi hauukanyagi bila viatu. Boti ile ilikunywa maji na kubanikwa, ikanywa na kubanikwa. Ngozi ilikuwa imeshakauka, haisogei tena. Ndani ndiko kulikoanza kukauka na kuvuta. Mbao zikajikunja, misumari ikang'oka. Mwezi wa pili wa kazi, vijana wa Mama Gaudensia wakiwa mbali na ufuko, na upepo wa mwera umechafua maji, ubavu ukaachia. Hakuna aliyekufa. Boti nyingine iliwaokota, lakini mdogo wao, Kasto, alitolewa amekunywa maji, akalazwa siku tatu. Nyavu zilizama.

Wiki mbili baadaye Fundi Odilo aliingia ofisini kwangu na kiroba. Alisalimia kama kawaida, akakaa, akatoa kipande cha ubao akakiweka mezani. Kilikuwa kimejikunja kama upawa. Mimi sikuhitaji mizani wala debe la Mzee Sanga. Nilijua pale pale. Nilingoja anitukane. Angenitukana leo ningekuwa nalala.

"Mama," akasema, "wewe umesoma. Nifundishe. Nilikosea wapi?"

Nilikigeuzageuza kipande kile. Nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na wakaguzi wa mfuko walikuwa njiani kuja kuamua kama Mkumbi wapewe awamu ya pili. Nikamwambia, "Labda ni maungio, fundi. Labda uliyabana mno." Akaitika kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari. Akashukuru. Nataka mnielewe, alinishukuru, akakunja kiroba chake akaondoka, kipande akaniachia.

Wakaguzi walipouliza chanzo, niliandika kwenye taarifa kwamba fundi hakuacha nafasi ya kutosha kwenye maungio, na kwamba mafundi wa ziwani wanahitaji mafunzo. Sentensi nzuri, imenyooka, hakuna aliyeiuliza swali. Awamu ya pili ikaja. Mkumbi wakaongeza banda la pili, na sasa Mzee Kapinga anaziacha mbao humo mpaka yeye mwenyewe aridhike, na zinatoka safi, na watu wanatoka Songea kuja kuziona. Banda halikuwa na kosa lolote. Mradi unasifiwa, nami nilisifiwa, hata siku ya kuniaga walilitaja banda la Mkumbi mara tatu. Nilikuwa nimekaa meza ya mbele nimevishwa shada, nataka kutoka nje.

Basi ndiyo sababu ya kutokutulia kwangu, siyo kustaafu. Mwezi uliopita nilikata shauri. Niliandika barua fupi, nakala mbili. Ya kwanza niliipeleka ofisini mwenyewe. Mkuu wa sasa, kijana mwenye adabu, aliisoma, akaniitia chai, akasema mama, mambo haya yalishapita, mradi unakwenda vizuri, kwa nini ujichafue? Nikamwambia chai nimeshakunywa, naomba faili. Nikaitoboa barua, nikaiweka kwenye faili la mradi juu ya ile taarifa yangu, mbele ya macho yake. Ipo hapo. Neema, kaisome.

Ya pili nilipanda nayo basi la Mbamba Bay, na kutoka pale nikachukua pikipiki mpaka Chiwanda. Nilimkuta Fundi Odilo uani kwake anachonga mpini wa jembe. Hakukuwa na boti uani, wala mbavu za boti, wala harufu ya lami ya kuzibia. Mkewe alinikaribisha kigoda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi ni mipini tu. Watoto wa ufukweni walimpa jina, wanamwita Fundi Chujio. Wakubwa hawakumwita hivyo usoni, ila hawakumletea kazi. Nilisema nilichokwenda kusema bila kuzunguka, maana ningezunguka nisingefika. Nikamwambia mbao hazikuwa zimekauka, sikukata hata ubao mmoja, nilitia saini hivyo hivyo. Na nilipokwambia maungio, fundi, nilikuwa nadanganya.

Aliweka tezo chini. Mkewe akaacha kupepeta.

"Mimi nililiona siku ya kwanza," akasema. "Nilipokata ubao wa mbele, msumeno ulitoka na maji. Nikanusa. Mbichi. Nikaingia ndani nikachukua cheti chako, nikakisoma tena. Kina muhuri wa serikali, kimeandikwa zimekauka. Nikasema, Odilo, umezeeka. Pua imekufa. Mkono hausikii tena msumeno. Nikaendelea kupigilia."

Muda wote ule nilidhani nimemharibia jina tu.

"Toka hapo," akasema, "hata huu mpini naupima mara tatu, na bado siuamini."

Nikamwambia, "Pua yako haikuwa na kosa, fundi. Mkono wako pia. Ni mimi." Nililia, na wala sikujificha. Aliniacha nilie. Kisha akauliza nililijua lini. Nikasema siku ile ulipoleta kipande. Akaangalia juu, akahesabu kimoyomoyo. "Misimu miwili ya mvua," akasema, na hilo ndilo neno kali pekee nililolipata kutoka kwake. Nikamnyooshea barua. Hakuipokea.

"Mimi nimeshakusikia," akasema. "Watu hawakunichekea hapa uani. Kesho ni Jumapili. Kaisome kwenye matangazo."

Mimi ni Mwislamu, nimevaa ushungi wangu miaka yote katikati ya Wakatoliki na hakuna aliyenisumbua, lakini kusimama kanisani kwao ni jambo jingine. Nilimwambia hivyo. Akasema katekista ni binamu yake. Nililala nyumba ya wageni, yaani nililipa kitanda.

Kule hata siku isiyo na padre, ibada ikiisha watu hawatoki. Wanakaa, katekista anasoma matangazo, ya ndoa, ya misiba, ya mbuzi aliyepotea, ya nani analaumiana na nani na wakutane wapi. Jambo likishatangazwa pale limetangazwa, hakuna wa kusema sikusikia. Niliitwa baada ya ndoa. Nimewahi kusema mbele ya mawaziri miguu isitikisike, siku hiyo nilishika benchi la mbele. Nilisoma jina langu na kazi niliyokuwa nayo. Nikasoma kwamba nilitia saini mbao zimekauka bila kuzikata. Hazikuwa zimekauka. Boti ya Mama Gaudensia iliachia kwa sababu hiyo. Fundi Odilo hakukosea, na mimi nilijua hakukosea, na niliandika kwamba amekosea. Barua ilikuwa fupi, lakini ilinichosha kuliko kupanda mlima.

Upande wa akina mama akasimama mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha bluu. Nilimjua, ni Mama Gaudensia.

"Hiyo karatasi ya kwanza," akauliza, "nani alikulazimisha kuitia saini?"

Ningeweza kuutaja mwaka wa fedha. Ningeweza kumtaja mgeni rasmi na hema lake. "Hakuna, mama," nikasema. "Ni mimi mwenyewe."

"Mwanangu alikunywa ziwa kwa ajili ya karatasi."

"Ndiyo, mama."

Aliniangalia kidogo, akakaa. Katekista hakujua afanye nini, akaendelea na tangazo la usafi wa kanisa.

Nje, watu walinipita pembeni, wengine wakinisalimia, wengine wakijifanya hamnazo, na sikuwalaumu. Nilikuwa natafuta pikipiki kwa macho. Mama Gaudensia alimwendea Fundi Odilo palipokuwa na wanaume, akamwambia maneno mengi ya haraka kwa Kinyasa, mkono umenyooka kuelekea ufukweni. Mke wa katekista, aliyekuwa karibu nami, alinifasiria: anasema mifupa ya boti ile ingali mizima, aje azing'oe mbao mbovu avishe nyingine, kabla dagaa hawajarudi. Odilo alisugua kidole gumba kwenye vidole vingine, kama mtu anayejaribu unga.

Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia mpaka niliposimama.

"Nitakuja kesho," akasema. "Ila mbao nitachagua mwenyewe, na cheti cha mtu sitaki kukiona."

Wakacheka wote, hata Mama Gaudensia. Odilo hakucheka. Alikuwa ananiangalia aone kama nimesikia, nikamwambia nimesikia, fundi.